Kich Hachezewi

Usenge, 24 Februari 2025

Kwa sonara Naswa,

Salamu nakupa moja tu, kwa sababu Enos ameshawasha pikapu na omena haisubiri salamu. Mimi naitwa Perez. Nanunua omena, dagaa wa ziwani, hapa Usenge na kuipeleka Kisumu kwa magunia. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa masikio yangu yamechoka. Simu kwangu ni mbu tu, inavuma na sishiki neno. Na zile meseji herufi zake ni ndogo mno, sitaki macho nayo yafuate masikio.

Jirani yangu Caren alikuja kanisani na hereni ulizomtengenezea, wale vyura wawili wa dhahabu wanaocheka hadi meno yanaonekana. Sala nzima watoto walikuwa wanamtazama yeye badala ya kufumba macho. Vyura wenyewe sikuwapenda, nakwambia ukweli. Lakini Caren aliniapia kwamba dhahabu aliyokupa ndiyo aliyorudishiwa, haikuchanganywa na shaba. Hilo ndilo nililotaka kujua.

Ndani ya kitambaa utakuta bangili. Ni ya marehemu dada yangu. Mumewe, marehemu pia, alikuwa mchimbaji kule Migori, na dhahabu hii aliitoa ardhini kwa mikono yake. Imepinda na kukatika, haivaliki. Binti yao Akinyi nimemlea mimi, na ataolewa tarehe 26 Aprili. Nataka uigeuze bangili iwe mkufu wa kuvaa siku hiyo. Msichana hana kitu kingine cha mama yake, hata picha hana. Ikiharibika, basi, hakuna nyingine. Yuko hapo Nyamasaria, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, na hajui lolote, kwa hivyo usimtafute.

Muundo nakuachia wewe, mradi ufanane na mwenyewe. Jambo moja tu nakukumbusha: dhahabu hii ni ya kich. Na kich hachezewi, unajua.

Ni mimi,
Perez

*

Ujumbe wa simu, 25 Februari

Waswa mdogo wangu, bado unajua kuchora wadudu, ama huko Bungoma siku hizi ni mabango ya shule tu? Nimepata kazi ya harusi. Mama mmoja wa Usenge anataka mkufu wa nyuki. Hakuandika nyuki, ameandika kich, lakini kich ni nyuki, hiyo naijua vizuri. Asali ni mor kich, naiagiza sokoni kila Ijumaa. Sikutegemea mtu wa kanisa kama yeye aniombe mdudu, lakini mteja ni mteja, na unajua mimi kwa wadudu sihitaji kubembelezwa. Jiandae, nitakutumia maelezo.
– Naswa

*

Migosi, Kisumu, 27 Februari 2025

Mama Perez,

Nimepokea bangili, nimeipima mbele ya Enos, naye ameshuhudia. Dhahabu ni safi na laini sana, ya zamani. Nitaifanyia kazi mwenyewe, simwachii mtu.

Usijali kwamba mimi si Mjaluo. Nimekaa Kisumu miaka mingi na Dholuo naisikia kuliko wengi wa kwetu, kwa hivyo hatutapotezana. Na kweli, kich hachezewi. Hilo nimelijua tangu nikiwa mtoto, na alama yake ninayo hadi leo.

Kabla sijaanza naomba unijibu machache, maana umesema ufanane na mwenyewe na mimi napenda kufanya kitu kwa uhakika. Kich ni mmoja au ni wengi? Ni mnene au mwembamba? Macho yakoje? Awe anacheka, au awe ametulia? Na mwiba je, awe nao au nimwondolee?

Wako kwa heshima,
Naswa

*

Usenge, 3 Machi 2025

Nyar Bungoma,

Nimekuita hivyo, binti wa Bungoma kama Caren alivyoniambia, kwa sababu barua yako imenigusa na sitaki tena kukuita sonara kama mtu wa mbali. Umeandika kwamba nawe una alama ya jambo hili tangu utotoni. Pole sana, mwanangu. Mtu aliyepitia ndiye anayejua. Nilikuwa na wasiwasi kumpa mgeni kitu hiki, lakini niliposoma pale nikaiweka barua chini nikasema, basi, tumeelewana.

Maswali yako ni ya ajabu kidogo. Masonara wengine wanauliza shingo tu. Lakini nasikia Wabukusu ndivyo mlivyo, mnataka kumjua mtu hadi kwa bibi yake, nami nitakujibu yote.

Walikuwa wawili. Sasa ni mmoja. Yule wa pili tusimtaje kwenye karatasi.

Zamani mwembamba, mifupa mitupu. Siku hizi amenona, hasa mashavu. Macho ni makubwa, mazuri, ila la kushoto huelekea pembeni kidogo akichoka. Hapendi lisemwe.

Kucheka, hapana, hacheki sana. Anatabasamu kwa adabu halafu anarudi kunyamaza, tangu zamani ni hivyo, na hili ndilo linaloniuma mimi kuliko yote. Ukiweza kumchekesha, Mungu akubariki wewe na kizazi chako.

Mwiba anao. Usimwondolee hata kidogo. Atauhitaji huko anakokwenda.

Perez

*

Ujumbe wa simu, 4 na 5 Machi

Waswa, maelezo ndiyo haya. Nyuki mmoja. Awe mnene, na awe na mashavu, ndiyo, mashavu, usinicheke. Macho makubwa, la kushoto limetazama pembeni. Acheke. Mwiba uwepo, tena mkali. Anasema walikuwa wawili na sasa ni mmoja. Nadhani bangili iliwahi kuwa na nyuki wawili wa kubandikwa na wote wakang'oka, maana nikiangalia kwa lenzi upande mmoja naona vishimo. Ananipa na pole kwa sababu niliwahi kuumwa. Mama mwema sana huyu.
– Naswa

Dada, nimechora, ndiyo hiyo picha. Lakini nikuulize, nyuki gani ana jicho ambalo hapendi lisemwe? Una hakika mama huyu anazungumza juu ya mdudu?
– Waswa

Picha ni nzuri sana, hasa tumbo. Dholuo niachie mimi. Wewe ukija Kisumu hata kuitisha chai unaitisha kwa vidole.
– Naswa

*

Migosi, 28 Machi 2025

Mama Perez,

Kich wako huyo, ndani ya kiboksi cha bluu. Nimemfanya mara mbili, yule wa kwanza sikuridhika naye nikamvunja. Huyu wa pili, kila mteja anayeingia hapa anamwangalia na kuanza kutabasamu kabla hajaniambia shida yake. Jana afisa mmoja wa kodi alikuja na uso wa kazi, akamwona mezani, akasahau alichokuja kudai kwa dakika nzima.

Mkufu wenyewe nimeuvuta mwembamba ili dhahabu yote ya bangili itoshe. Vumbi la tupa pia nimekufungia kwenye karatasi, ni lako.

Natamani sana kujua umeonaje.

Naswa

*

Usenge, 31 Machi 2025

Kwa sonara Naswa,

Nimefungua kiboksi mbele ya Caren na mbele ya mke wa mchungaji, kwa sababu nilijivunia. Nikatoa mdudu.

Nilidhani umekosea mzigo wa mtu. Kisha Caren akaanza kucheka, akasema, "Mama, si ni kich!" Nikamwambia naona ni nyuki, sijapofuka. Akarudia, "Kich! Kich!" akinipigia kelele sikioni, ndipo nikaelewa ulichofanya.

Sasa nisikilize. Kich ni nyuki, ndiyo, hata mtoto anajua. Na kich ni yatima. Kwenye karatasi ni neno moja. Mdomoni sauti ndiyo inayotenganisha, hii inapanda na ile inashuka, na hakuna Mjaluo anayekosea. Nilikuandikia kwamba dhahabu ni ya yatima ili umwogope Mungu ukiwa na mizani mkononi. Ndivyo tunavyosema hapa mtu asidhulumu. Sikuandika yatima kwa sababu neno hilo silipendi. Ni neno la watu wanaokuja na magari na fomu, wanampanga mtoto kwenye mstari na kumpiga picha akiwa hajaoga. Akinyi alipigwa picha hizo mara mbili, nikawafukuza. Kich ni neno la nyumbani.

Na wewe ulisema unayo alama! Nimekuombea kwa jina wiki nne katika kikundi cha akina mama. Wameniuliza wewe ulifiwa na nani, nikawaambia atatueleza mwenyewe akiwa tayari.

Hata mdudu ningevumilia. Lakini umemwekea jicho la pembeni. Kwa jicho lile watoto wa shule walimwita Akinyi majina hadi akawa anatembea akiangalia chini, na hapo ndipo kicheko chake kiliisha. Sasa ataingia kwa watu wa mchumba wake Calvince, watu wa Asembo ambao midomo yao naijua, akiwa na kioja shingoni kinachomcheka yeye mwenyewe. Watasema waliomlea hawakuwa na mtu wa kuwashauri. Nimelia, Naswa. Bangili ya dada yangu nimeitunza miaka ishirini na mbili, nikaitoa mwenyewe ikayeyushwe iwe mzaha.

Nairudisha na Enos. Yeyusha. Fanya msalaba mdogo usio na uso wala macho, na uniletee kabla ya harusi.

Perez

*

Migosi, 2 Aprili 2025

Mama Perez,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini. Kosa ni langu. Nilijigamba kwamba Dholuo naijua, kumbe naijua ya kununulia asali. Mdogo wangu Waswa, aliyemchora nyuki huyo, aliniuliza kama nina hakika, nikamfunga mdomo. Naomba unisamehe, na waombe msamaha akina mama wa kikundi kwa niaba yangu. Wazazi wangu wote wako hai, wako Bungoma wanapanda mahindi. Alama niliyosema ni ya nyuki, iko chini ya sikio la kulia. Nina aibu mpaka ya kuagiza asali.

Lakini jicho sikuliweka kwa kumcheka mtu. Uliniambia macho ni makubwa, mazuri, na la kushoto huelekea pembeni. Nililifanya kwa upendo, kama ulivyoliandika. Na mdudu kwangu si tusi. Jina langu lenyewe ni la mdudu, maana Naswa kwetu ni msichana aliyezaliwa wakati kumbikumbi wanaruka, na Waswa ni mvulana wa msimu huohuo. Mama alitupa majina hayo akifurahi, kwa sababu kumbikumbi wakiruka watu hutoka nje wakicheka, na usiku huo kila nyumba inakula. Nilidhani na nyinyi mna jambo kama hilo na nyuki, nikaona vizuri.

Msalaba nitaufanya, na sitaki malipo. Nimewasha moto asubuhi hii, kisha nikauzima, kwa sababu kuna jambo moja sikukueleza. Nikishayeyusha siwezi kulirudisha, kwa hivyo lazima nikuulize kwanza.

Bangili sikuiyeyusha yote. Upande mmoja ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vimejipanga viwili viwili na kupinda kidogo. Mwanzoni nilifikiri ni mahali pa kubandikia kitu. Nilipoweka lenzi tena, karibu zaidi, nikaona ni alama za meno. Si za mtu mzima, ni ndogo kama punje za mchele. Dhahabu safi ni laini, mtoto akiitafuna kila siku inashika alama. Sikuwa na moyo wa kuzipitisha motoni. Nikakata kipande hicho kizima, nikakikunja taratibu kwa nyundo ya mbao, ndicho kikawa tumbo la nyuki. Ile mistari unayoiona tumboni sikuichonga mimi. Ni meno hayo.

Sijui ni ya nani. Nikipata barua yako inayosema yeyusha, nitayeyusha siku hiyohiyo.

Naswa

*

Usenge, 4 Aprili 2025

Nyar Bungoma,

Usiwashe moto.

Meno hayo ni ya Ogola, mdogo wake Akinyi. Ndiye yule niliyekwambia tusimtaje. Dada yangu alikuwa akianika omena huku amempakata kwa mkono mmoja, naye fizi zinamwasha, basi anaguguna bangili kutwa. Tulikuwa tunasema huyu mtoto atakula mali ya baba yake aimalize. Aliondoka na homa kabla hajafunga mwaka wa pili, na wazazi wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Akinyi alikuwa na miaka minne. Aliniuliza kama Ogola naye alikuwa na jicho kama lake. Nikasema ndiyo, kwa sababu alikuwa nalo.

Miaka yote hii sikuziona alama hizo. Niliifunga bangili kwenye kitambaa ili nisiione, na huwezi kuona kitu ulichokifunga.

Mlete kama alivyo. Jicho liache. Watu wa Asembo wakisema, watasema, hata ukivaa msalaba wanasema. Akina mama nimewaeleza yote. Wamecheka hadi kikao kikavunjika, halafu wamesema hawawezi kurudisha maombi, kwa hivyo baki nayo.

Bado naogopa. Sijui atakavyomwona. Kama itamwumiza nitakuwa nimemwumiza mimi, asubuhi ya harusi yake.

Perez

*

Nyamasaria, 29 Aprili 2025

Dada Naswa,

Hatujuani, lakini nimekuvaa shingoni siku nzima, kwa hivyo nitaandika bila kuona haya. Ningeweza kukupigia simu. Ila Mama Perez alinionyesha barua zako zote na mimi nikaona wivu, nikataka nami niwemo.

Hakunieleza kitu mapema. Jumamosi asubuhi, wasichana wakiwa wananimalizia nywele, alikuja na kiboksi cha bluu, akawatoa wote nje. Akasema kwa Dholuo, "Hii ilikuwa ya mama yako, na kuna Ogola ndani," kisha akaangalia dirishani kabisa, hakutaka kuniona uso.

Nikafungua. Dada, nikajiona mimi. Mashavu ni yangu, yale ambayo Calvince anayavuta kila siku. Jicho ni langu. Na nilikuwa ninacheka! Mimi mwenye jicho la pembeni, mnene, nina mwiba, na ninacheka kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Sijawahi kuona jicho langu likiwa na furaha. Kwenye picha zote nimeangalia chini.

Kicheko kikanitoka. Si cha adabu. Kilitoka tumboni, nikainama, nikashika kiti, rangi ya macho ikaanza kuteremka na wasichana huko nje wakagonga mlango wakidhani kuna shida.

Mama Perez hakusikia. Alipogeuka aliona mabega yangu yakitikisika na machozi yakishuka, akadhani nalia. Akaanza kulia yeye, tena kwa sauti, akisema, "Nisamehe, nisamehe, nitamwambia amyeyushe, nitamwambia leo." Nikamwambia nacheka. Hakunisikia. Nikapiga kelele, hapana, nacheka! Akazidi kulia. Ikabidi niuchukue mkono wake niuweke hapa kooni, pale ambapo mkufu umelala, nikaushikilia hapo nikiwa bado nacheka.

Alinyamaza. Akasikiliza kwa mkono. Akauacha hapo muda mrefu, hata nilipokuwa nimemaliza, na ikabidi nianze upya kwa sababu yake.

Kanisani watu wa Asembo waliuliza, kama alivyotabiri. Mama mkubwa mmoja wa Calvince alinishika mkufu akauliza, "Hii ni nini?" Nikamjibu, "Kich." Akauliza, "Mbona kich?" Nikamwambia, "Ni mimi." Akaniangalia, akamwangalia nyuki, akaangalia jicho langu, akaniambia niketi karibu naye kwenye chakula.

Mjulishe Waswa kwamba tumbo amelichora vizuri, na wewe njoo Usenge siku yoyote, Mama Perez anasema utafundishwa Dholuo kwa lazima.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini kuna kitu kimoja bado nakifikiria. Pale chumbani, mkono ukiwa kooni kwangu, Mama Perez aliniita. Alisema, "Kich." Ila alikuwa analia na kucheka pamoja, sauti imemvurugika, na mimi niliyelijua neno hilo maisha yangu yote sikuweza kutambua alisema lipi. Sikumwuliza. Niliitika.

Akinyi